Mtani Hasifiwi

Tuopari, kwa njia ya Nandom
2 Machi 2022

Kwa Daktari Efua Quaicoe, Chuoni, Tamale.

Salamu. Mimi ni Dapilaa mwana wa Ziem, mwenye nyumba ambamo mlimweka mwanafunzi wenu Awinpoka Akolgo tangu mavuno mpaka mwezi uliopita. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu karatasi yako ilisema wasiojua kusoma wasaidiwe kuijaza. Nani hajui kusoma? Nilisoma shule ya watu wazima kwa padri, viangazi viwili, na padri mwenyewe alisema kichwa hiki kingeanza mapema kingefika Roma.

Unaniomba nijaze tena. Kwa nini tena, nami nilikwisha jaza? Dereva wenu alikuja na kile kishikwambi, akakisimamisha mbele yangu kama kioo cha kinyozi, kikaniuliza habari za Awinpoka kwa sauti ya mwanamke aliyebanwa pua. Chini ya kila swali kiliweka sura tatu. Moja inacheka, moja imenuna, moja ina hasira. Mtu mzima nawekewa vinyago kama mtoto anayefundishwa kula. Nikabonyeza ya hasira. Swali la pili, hasira. Nikaenda hivyo hivyo mpaka kikanishukuru. Kikasema nikitaka niongeze maneno kwa mdomo, nikaongeza, na niliyoyasema yalikuwa mazuri sana, hata mbuzi walisimama kusikiliza.

Sasa mnataka nini zaidi? Huyo msichana ni mvivu, ni mwizi wa vichwa vya mbwa kama Wafrafra wote, ugali wake wa mtama unaweza kukandikia nyumba, na hapa kwangu ni mtumwa. Mrudisheni upesi nikamuuze kabla bei ya chumvi haijashuka.

Nina shamba la kusafisha kabla ya mvua. Hapa Tuopari hajazaliwa wa kunishinda kwa jembe, hata kwa miaka yangu hii. Msinisumbue.

Ndimi mwenyewe,
Dapilaa Ziem


Tamale
11 Machi 2022

Mzee Dapilaa, shikamoo.

Nashukuru kwa barua yako, na naomba radhi kwa neno la kusoma. Karatasi ile huenda kwa wenyeji wote wanaotupokelea wanafunzi.

Nakuandikia kwa moyo mzito. Awinpoka yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya afya ya jamii. Kwa utaratibu wetu, nusu ya masomo hayo anayapata kwenye kishikwambi na nusu anayapata kwa kuishi na watu, na nusu hiyo ya pili alama zake zinatoka kwa mwenyeji, yaani wewe. Kwa sura ulizobonyeza, ameanguka. Sauti uliyoiacha ilitafsiriwa na kusomwa mbele ya wakubwa. Ndani yake kuna mwanafunzi aliyeiba mbwa, na kuna mwenyeji anayesema atamuuza mwanafunzi huyo. Nimeulizwa kama ni salama kupeleka watoto wa watu Tuopari.

Kuna jambo baya zaidi. Kila siku Awinpoka alipaswa kupanda lile jiwe lenu linaloshika mtandao na kututumia kazi yake. Mwezi wa Januari kuna wiki nzima ambayo hakutuma neno. Anashtakiwa kwamba alitoroka kituo. Nikimuuliza habari za mbwa anacheka. Nikimuuliza habari za wiki ile anaangalia viatu vyake.

Bodi itakaa tarehe 20 Aprili. Akipatikana na hatia ataondolewa chuoni, na nafasi aliyoahidiwa kwenye kituo cha afya atapewa mwingine. Mzee wangu, naomba uniambie kweli. Alikukosea nini?

Wako mtiifu,
Dk. Efua Quaicoe


Tuopari
17 Machi 2022

Daktari,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesimama, kwa maana kukaa kulinishinda.

Wewe ni mtu wa pwani, nakusamehe. Lakini hao wakubwa wote mlionao, hakuna hata mmoja mwenye mama? Mimi ni Mdagaaba. Awinpoka ni Mfrafra. Sisi ni watani tangu babu zetu walipogombea kichwa cha mbwa, wao wanasema ni chao, sisi tunasema ni chetu, na mpaka leo shauri halijaisha na tunaomba Mungu lisiishe. Mfrafra akinikuta sokoni ananinyang'anya kofia, na mimi nikimkuta namwambia abebe mzigo wangu, mtumwa aliyetoroka. Nilipokuwa migodini kusini, kijana mwenye kifua kama mlango, rafiki yangu wa chini ya ardhi alikuwa Mfrafra, na hatukuambiana neno jema hata siku moja. Siku dari ya mgodi ilipotuangukia alinitoa kwa kunivuta miguu huku akinitukana. Angenipa pole ningejua nimekufa.

Nisikilize vizuri hapa. Mtani hasifiwi. Mtani husema kweli juu yako siku moja tu, siku ya mazishi yako, umeketishwa kwenye jukwaa la maiti. Anayemsifia mtani wake kwa kauli nzito akiwa hai amemzika, na utani kati yao umekufa. Akitaka ufufuke ni lazima alipe kichwa cha mbwa na atukanwe wakati analipa. Sasa wewe unaniletea sura inayocheka niibonyeze. Nimbonyezee nani? Maiti?

Habari ya mbwa ni hii. Nilikuwa na mbwa mzee, akafa. Awinpoka akaja mbio akisema kichwa ni urithi wake. Nikamfukuza na fimbo, akakimbia akicheka kuzunguka ghala, mke wangu akaanguka kwa kucheka. Ndiyo wizi wenyewe huo.

Habari ya wiki siijui. Mimi sikuugua. Tangu nizaliwe sijaugua hata mafua, muulize mtu yeyote.

Na choo mlichoona kwenye picha alizowatumia Awinpoka nimekichimba mimi, peke yangu.

Dapilaa Ziem


Tamale
26 Machi 2022

Mzee Dapilaa, shikamoo.

Nimekwenda kwa mhasibu wetu, mtu wa Jirapa, Mdagaaba kama wewe, nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanitazama kwa huruma, akasema, "Daktari, umekaa Ulaya mno."

Basi nimekuelewa, na naona haya. Lakini kuelewa kwangu hakutoshi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa bodi nikamweleza utani. Akaniuliza utani umeandikwa wapi. Nikamwambia haujaandikwa. Akasema, "Hasira imeandikwa." Nilitoka nje nikatembea kuzunguka jengo mpaka nilipoweza kusema na watu tena.

Wamekubali jambo moja. Sura zile zitafutwa ukileta barua iliyotiwa sahihi, isiyo na mzaha hata kidogo, inayosema Awinpoka alifanya kazi gani na alikuwa wapi wiki ile ya Januari. Mistari mitano inatosha. Najua ninachokuomba. Nakuomba hata hivyo.

Tena, Mzee, uniwie radhi. Katika barua yangu sikutaja ugonjwa popote. Kwa nini uliniambia hukuugua?

Efua Quaicoe


Tuopari
1 Aprili 2022

Kwa mtumwa wangu Awinpoka, popote ulipojificha Tamale.

Nasikia umesimamishwa mbele ya watu wazima ukakosa la kusema. Wewe. Wewe uliyekuwa ukinikatiza hata nikipiga chafya. Ulimi umeusahau huku? Mke wangu ameutafuta chini ya chungu hajauona.

Daktari wako ananitesa. Anataka nikusifie kwa maandishi, tena na sahihi. Nimemkatalia. Ni mwanamke mwenye akili lakini hachoki, ni kama inzi wa jioni. Sasa tumia hicho kichwa chako kinachofanana na cha mbwa. Waambie wiki ile wewe ndiye uliyeugua. Ulilala ndani, ukashindwa kupanda jiwe. Nani atajua? Watu wa Tuopari watasema nitakavyowaambia, wananiogopa.

Ule mkutano wako wa Jumatano, watu bado wanakaa barazani kwangu kusikiliza masomo uliyoyaacha kwenye simu ya mke wa jirani Bayuo. Juzi sauti ilisema tuchemshe maji. Nikaibishia hoja tatu nzito, haikunijibu hata moja. Kila mtu aliona nani kashinda. Wanawake walikwenda kuchemsha maji hata hivyo.

Choo kipo. Siingii. Naweka majembe.

Sema umeugua. Hiyo ni amri ya bwana wako.

Dapilaa


Tamale
7 Aprili 2022

Kwa mtumwa wangu mzee Dapilaa, asiyeuzika hata kwa hasara.

Barua yako imefika ikinuka ugoro. Nimeisoma kwa mbali.

Unaweka majembe chooni? Mke wako ameniandikia kwamba unaingia alfajiri kila siku, na unaimba. Basi usinidanganye. Tena nasikia umeweka mlango wenye komeo ili mtu asikufungulie katikati ya wimbo.

Sitasema nimeugua. Nikisema hivyo watauliza nani alinitibu, kliniki watasema hawakuniona, nami nitakuwa mwongo juu ya kuwa mtoro. Nami sitasema lile jingine. Mambo ya ndani ya chumba chako ni ya chumba chako. Uliniapisha, ingawa ulikuwa huna hata nguvu ya kushika mkono wangu ulipokuwa unaniapisha.

Wananichosha, mzee. Kuna mmoja mwenye tai aliniuliza, "Mwenyeji wako alikutendea ubaya?" Nikamjibu, "Anitendee vipi, na yeye ni mtumwa wangu?" Wote wakainama wakaandika. Nikaona nimejimaliza mwenyewe. Sasa nimeandikiwa kosa la kumdharau mwenyeji, limewekwa juu ya yale mengine.

Mama yangu kule Bolga ameshawaambia majirani kwamba nitavaa sare ya kituo cha afya mwezi wa Juni. Ameshaishona. Sijamwambia kitu.

Lakini nakukataza. Usimwandikie Daktari yale anayoyataka. Sina babu, unajua. Wa kunitukana kwa haki ni wewe peke yako uliyebaki. Sare itavaliwa na mwingine, sawa. Ukinisifia nitakuwa nimepoteza vyote viwili.

Awinpoka, bwana wako


Tuopari
13 Aprili 2022

Kwa Bodi ya Chuo.

Mwezi wa Januari niliugua tumbo la kuharisha. Mke wangu alikuwa Hamile kwenye msiba wa kaka yake. Majirani walitaka kunibeba kwenda kliniki, nikawafukuza, nikasema mimi siugui.

Awinpoka Akolgo alibaki na mimi. Alinipa maji ya sukari na chumvi kwa kijiko. Niliyatapika akanipa tena. Alinisafisha kama mtoto anavyosafishwa. Alifua mikeka mbali na kisima. Watu walipouliza habari zangu aliwaambia mzee amelewa, ili nisione aibu. Kishikwambi alikiweka juu ya ghala, hakutaka kukigusa kwa mikono iliyokuwa kazini. Ndiyo sababu hakikusema kitu wiki ile. Hakutoroka. Hakuniacha hata siku moja.

Nilipoweza kusimama alinipeleka polepole akanionyesha jinsi kichaka ninachoendea haja kinavyoteremsha maji kwenye kisima chetu. Hakunicheka. Alianza kuchimba choo peke yake, nami nikiwa nimekaa kitandani namsikia, mpaka nikaona haya nikamfuata na sururu. Baada yangu wamechimba wengine.

Mbwa alikufa kwa uzee.

Anaijua kazi yake. Ni mwaminifu. Ana moyo mzuri. Mtu wa nyumba yangu akiugua nitampeleka kwake.

Huu si utani.

Dapilaa Ziem


Tamale
22 Aprili 2022

Mzee wangu mpendwa, shikamoo.

Awinpoka amefaulu. Sura zote zimefutwa na mashtaka yameondolewa. Ataanza kazi Juni, na kituo alichopangiwa ni hicho hicho chenu cha Nandom. Matokeo yametiwa muhuri, hakuna wa kuyagusa tena.

Barua yako ilisomwa na mwenyekiti kwa sauti. Mhasibu wetu, ambaye hakuwa hata na sababu ya kuwepo, aliinuka akasimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Awinpoka alilia. Wajumbe walisema ni machozi ya furaha, wakampigia makofi. Mimi nilikuwa karibu naye, nikamsikia anasema, "Nani kamruhusu?" Kisha akatoka bila kuchukua cheti chake. Ninacho mezani kwangu.

Nilidhani nimeomba mistari mitano. Naona sasa niliomba kitu kingine, nawe umekilipa.

Ninaona aibu kuongeza hili, ila nimelazimishwa. Utaratibu unataka kila mwenyeji aulizwe mwishoni kama ameridhika na mwanafunzi wake. Dereva atakuletea kishikwambi. Ni vile vinyago vitatu. Jibu lako halibadilishi matokeo, linahifadhiwa tu, na sijui nani hulisoma. Nimewaambia wakuache. Wamesema mfumo hauwezi kufunga jalada bila sura.

Kwa heshima kubwa,
Efua Quaicoe


Tamale
25 Aprili 2022

Kwa Mheshimiwa Mzee Dapilaa Ziem, Tuopari.

Shikamoo.

Natumaini u mzima wa afya, wewe na mama. Mimi ni mzima.

Napenda kukushukuru kwa barua yako njema kwa bodi. Umenisaidia sana na sitasahau wema wako. Mama yangu pia anakusalimu na kukushukuru.

Nitakapofika Nandom mwezi wa Juni nitakuja kutoa heshima zangu, kama muda utaruhusu.

Wako mtiifu,
Awinpoka Akolgo


Tuopari
2 Mei 2022

Wewe Awinpoka,

Nimepokea kikaratasi chako. Nimekisoma, nikampa mke wangu akisome, akasema, "Umemuua mtoto." Kisha hakunipa chakula. Amekataa kunipa mpaka nikuandikie, kwa hiyo naandika na njaa, na kosa hilo pia ni lako.

Shikamoo ndiyo nini? Mheshimiwa ni nani? Nimegeuka nyuma kuangalia kama kuna mbunge amesimama. Tangu lini mtumwa akaja kwa bwana wake muda ukimruhusu?

Nakiri nilikuzika. Nilikuzika kwa kalamu, na nilijua nafanya nini, na ningefanya tena, maana sare ikishashonwa haifumuliwi. Uliniambia nisiandike. Mimi hutii amri za Wafrafra tangu lini? Hasira zako zimeze na maji yaliyochemshwa.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na deni. Ukifungua mfuko alioubeba dereva wa basi linalopita mji wa Wa utakuta kichwa cha mbwa. Nimekwenda kukitafuta mwenyewe soko la Nandom, nimewabishia wauzaji mpaka wakanichoka, na ni kikubwa kuliko chochote ambacho ukoo wenu wote ulishawahi kuiba. Nimekikausha kwa moshi. Utingo alitaka kukitoza nauli. Nikamwambia ni haki yake, ila akipe kiti cha dirishani, ni mjomba wako anakwenda Tamale kusoma. Abiria walicheka mpaka basi likachelewa kuondoka. Nimelipa mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Kilichobaki ni matusi yako. Usiyatume kwa posta, ni mazito, yatapotea. Yalete.

Ile barua yangu kwa bodi mwambie Daktari aifungie kabatini na ufunguo autupe. Mtu wa Tuopari akiisikia nitasema aliyeiandika alikuwa amelewa.

Choo kimetitia upande mmoja. Ndiyo kazi ya Wafrafra hiyo, upande niliochimba mimi umesimama kama kanisa. Juni ukifika uanze na hapo kabla hujavua mzigo kichwani. Nimekuwekea sururu ile ile, mpini nimeubadilisha, wa zamani ulikuwa unakuchubua.

Hapa niliweka kalamu chini kidogo, maana dereva wenu alikuja na kishikwambi. Sauti ya yule mwanamke wa pua ikaniuliza kama nimeridhika nawe. Dereva akanishika mkono, akasema, "Mzee, safari hii bonyeza inayocheka, tafadhali, sote tupumzike." Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga.

Nimebonyeza ya hasira. Kikanishukuru. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka mke wangu akaninyang'anya, akaenda kuniletea ugali.

Dapilaa, bwana wako